Asubuhi ya Ndevu za Kijani

Bibi yangu, Mwanasha binti Chome, alikuwa mpishi wa shughuli pale Mwabungo, na maishani mwake hakuwahi kupima kitu. Chumvi aliitia kwa kiganja. Mchele aliumimina huku akizungumza na mtu mwingine, uso umeelekea kwingine kabisa, na pilau likatoka vile vile kila harusi, kila hitima, kila maulidi. Ukimwuliza ametia kiasi gani, alikujibu, "Mpaka kitoshe," na ukirudia kuuliza alikupa vitunguu ukamenye. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila hilo hutafahamu ilikuwaje wanaume wazima, wacha Mungu, wakaonekana ufuoni asubuhi moja wana ndevu za kijani.

Mimi sikuwapo. Nimesimuliwa na watu wengi, na kila msimulizi hukoleza kile kijani kidogo, kwa hivyo nitashika masimulizi ya bibi mwenyewe. Bibi hakuwa mwongo. Alikuwa tu mtu asiyependa jambo likose ladha.

Mwaka wa hamsini na saba, masika yalipokatika, Mwabungo tuliingiliwa na watafiti. Kwanza alikuja daktari mmoja Mhindi kutoka Mombasa, mtu mpole mwenye miwani mizito, ambaye kazi yake ilikuwa kuinamia visima vya watu na kuteka viluwiluwi vya mbu kwa upawa. Baada ya kuteka aliwafuata wenye visima akiwauliza habari za matumbo yao, bila haya yoyote, kama mtu anayeuliza bei ya nazi. Watu wakamwita Daktari Viluwiluwi. Akafuatia Karisa, kijana wa Kigiriama aliyesomea mambo ya maji Nairobi, aliyekuwa akigonga mwamba kwa nyundo kisha akaulazia sikio. Mwisho akaja mama wa Kizungu na mashine ya kunasa sauti, yenye magurudumu mawili yanayozunguka, inayotumia betri ya gari. Huyo alikuwa akikusanya nyimbo. Kiswahili chake alikuwa amejifunza Unguja, na kilikuwa safi hata watu wakawa wanajikohoza kwanza kabla ya kumjibu. Yeye akaitwa Bi Nyimbo.

Mmoja ataka matumbo, mmoja ataka mawe, mmoja ataka nyimbo. Wazee walikuna vichwa. Lakini wote watatu walihitaji kula, na mpishi alikuwa mmoja, basi wote wakawa wanakula uani kwa bibi.

Bibi wakati huo alikuwa mjane kijana, anakaa nyumbani kwa kaka yake Chirau, na katika umri wake wote hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali isipokuwa kama chakula kimeiva. Sasa alipata watu watatu wanaouliza asubuhi, mchana na jioni, tena wakijibiwa wanafurahi! Alipagawa. Daktari alipomwuliza kwa nini huchemsha maji ya uji mara mbili, alikaa akafikiri siku nzima. Bi Nyimbo alipomwuliza wimbo fulani wa kutwanga ameupata kwa nani, alikwenda kwa miguu hadi Galu kumwuliza shangazi yake. Akaanza na yeye utafiti wake. Alimtafiti mwenye duka kwa nini hucheka kabla ya kutaja bei. Aliwatafiti kuku. Aliwatafiti majirani mpaka wakawa wakimwona anakuja wanaingia ndani na kufunga mlango, naye akabisha hodi awaulize kwa nini wamefunga.

"Mwanasha, utatuua kwa maswali," Chirau alimwambia.

"Kaka, kwani swali lina meno?"

Chirau alikuwa na sababu yake ya kuogopa maswali, kwa kuwa lilikuwapo moja ambalo hakutaka kuulizwa tena. Nalo ni la Matano.

Matano alikuwa seremala wa mtaa wa pwani, mtu wa maneno machache. Alikuwa amemchongea bibi mwiko wa pilau. Kisha akamchongea mwingine mrefu zaidi, ati ule wa kwanza moto utamfikia mikononi. Kisha wa tatu, mrefu hata haukuingia mlangoni ila kwa kuinamishwa, na mtaa mzima ukafahamu kwamba huyu bwana haji kwa sababu ya miko. Akapeleka posa. Bibi alimtaka. Alimtaka waziwazi, hakuficha, na alikuwa akisema jina lake hata pale pasipohitaji jina. Lakini baba yao alikwisha kufariki, walii wa kumwoza alikuwa Chirau, na Chirau alikataa.

Alikataa kwa ajili ya kisima. Mtaa wa juu, ulio karibu na barabara, una kisima chake, na mtaa wa pwani una chake, vyote viwili vimechimbwa kwenye mwamba. Watu wa juu walishikilia kwamba maji yao yanatoka milima ya Shimba, matamu, ya baraka, na kwamba maji ya wale wa pwani ni jasho la bahari. Watu wa pwani walisema maji ya juu yananuka popo. Ugomvi huo ulianza zamani hata aliyeuanza hajulikani, lakini watu walikuwa hawaombani hata maji ya kunywa. Mtu wa juu akishikwa na kiu mtaa wa pwani, alikwenda nayo hadi kwake.

"Maji yetu hayachanganyiki na yao," Chirau alisema, "na sisi hatuchanganyiki nao. Basi."

Sasa Daktari Viluwiluwi alikuwa amegundua jambo. Matumbo yakiharibika mtaa wa juu, baada ya siku chache yanaharibika mtaa wa pwani. Alimweleza Karisa, na Karisa akasema huenda chini ya mwamba maji ni mamoja, na kwamba njia ya kujua ipo: unatia rangi kisima cha juu, unangoja kisima cha pwani. Rangi haidhuru, itakuwa kidogo hata macho hayataiona, yeye ataichungulia ndani ya vichupa vyake. Wazee wa mitaa yote miwili wakakubali kwa furaha, kila upande ukijua utashinda.

Bibi aliposikia, mwiko ulimdondoka. Aliona mara moja kwamba posa yake imo ndani ya kisima.

Jioni ile Bi Nyimbo alikuwa akimnasa Chirau akiimba kasida. Chirau alikuwa na sauti nzuri kwelikweli na aliijua kupita kiasi. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi kwa ajili ya mashine, ingawa aliambiwa haioni. Alimaliza, akafuta jasho, na Bi Nyimbo akawa bado anaandika jina la kasida. Bibi alikuwa ameleta kahawa. Akatupia jicho mashine, akaona magurudumu yangali yanazunguka.

"Maashallah, kaka," akasema, akisogea karibu na kile chombo cha kusemea. "Ati hawa watafiti wanasema maji yetu na ya kina Matano ni mamoja."

"Upuuzi!"

"Nami nimesema hivyo hivyo. Je, yakiwa mamoja?"

"Mwanasha, siku maji ya kisima changu yakitokea kwao," Chirau akanguruma, na sauti yake ya kasida ilikuwa ingali moto, "Wallahi siku hiyo nitakubali posa ya yule seremala, na nitakuoza kesho yake! Umesikia?"

"Nimesikia, kaka," bibi akasema kwa adabu, akamimina kahawa. Bi Nyimbo alipoinua kichwa, alimkuta anatabasamu peke yake.

Siku ya kutia rangi ilipofika, Karisa alitaka kuwa penye kisima cha pwani na vichupa vyake, kwa hivyo alimwomba bibi amtilie rangi kisima cha juu wakati wa magharibi, wanawake wakishamaliza kuteka. Alimpa kopo na kijiko.

"Shangazi, kijiko kimoja tu. Kimoja."

"Nimefahamu, mwanangu."

Akafungua kopo. Ndani mlikuwa na unga mwekundu, kama pilipili ya kusaga, na hapo imani yake ikaanza kulegea, kwa kuwa aliambiwa rangi ni ya kijani. Akatia kijiko kimoja, akachungulia. Giza lilikuwa limeanza kuingia, kisima ni kirefu, hakuona kitu. Akafikiri. Yeye apikiaye vijiji viwili pilau, aambiwe kisima kizima, kijiko kimoja? Hata mchuzi wa kuku mmoja haukolei hivyo! Akatia cha pili, akachungulia, hakuona kitu. Akamfikiria Matano. Akakiweka kijiko kando, akatia kwa kiganja. Bado maji meusi. Akatia mpaka kitoshe, na kwa kuwa gizani hakikuonekana kutosha, kilitosha kopo lilipokwisha. Alilipigapiga makalio, asipoteze hata chembe.

Kisha akanawa mikono kwa maji ya mtungi, akalala usingizi mzuri.

Karisa naye alilala, maskini, kando ya kisima cha pwani, amekumbatia vichupa. Alfajiri muadhini wa msikiti wa juu aliadhini, na muadhini wa msikiti wa pwani akaadhini, na wanaume wa mitaa miwili wakateka maji gizani wakatawadha. Walisukutua. Walinawa nyuso mpaka mashina ya ndevu, mikono mpaka viwikoni, wakapaka vichwa, wakaosha miguu, vizuri kabisa, kama dini inavyotaka. Wakasali kwa mwanga wa kandili. Imamu wa msikiti wa juu akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, na dirishani kulikuwa kunaanza kupambazuka.

Akamwona Mzee Suleiman, mwenye ndevu nyeupe kuliko wote, ana ndevu za rangi ya mpunga mchanga.

"Lahaula!"

Suleiman akageuka kuona imamu ameshtukia nini, naye akamwona imamu. Hapo msikiti ulivurugika. Kila mtu alikuwa akimnyooshea mwenzake kidole na kumcheka, kisha anatazama kidole chenyewe, kicheko kinakatika. Kanzu zilikuwa na michirizi. Upara ulikuwa unang'aa kijani. Mmoja akasema ni baraka, maana ndiyo rangi ya bendera za maulidi. Mwingine akasema ni maradhi mapya ya Daktari Viluwiluwi. Imamu, ambaye alikuwa mwanachuoni hata akiwa kijani, alichungulia kisima, akafunga macho, akatoa hukumu: maji yaliyobadilika hivi hata hayaitwi maji hayafai kutawadhia, swala irudiwe, na kwa kuwa hakuna kisima kingine cha heshima, twende baharini.

Wakatoka, safu nzima, mbiombio jua lisije likachomoza. Wanawake waliokuwa wanawasha moto waliona waume zao wanapita, wakaangusha kuni. Chirau alikuwa mbele, kanzu ameipandisha, ndevu zinang'aa.

Ufuoni wakakuta watu.

Wanaume wa mtaa wa pwani walikuwa wameshafika, wamesimama majini mpaka magotini, wanajisugua kwa mchanga. Imamu wao alikuwa ametoa hukumu ile ile. Walikuwa kijani, wengine kidogo, wengine sana, na Matano seremala, ambaye hufanya kila kitu kwa ukamilifu, alikuwa kijani kuliko wote.

Chirau akasahau yaliyompata. Aliangua kicheko mpaka akashika magoti.

"Watazameni mbuzi wa pwani! Wamekula majani ya nani?"

Matano akajitoa majini, akaja mpaka mbele yake, akainama kidogo.

"Shikamoo, kaka Chirau," akasema taratibu. "Nawe umeyalia wapi?"

Watu wa juu waliwatazama watu wa pwani, watu wa pwani wakawatazama watu wa juu, ndevu kwa ndevu. Ndipo Karisa akatokea anakuja mbio na kichupa kilichojaa kijani kitupu, akipiga kelele, hajui kama analia au anacheka.

"Kijiko! Nilisema kijiko!"

Nyuma yake alikuja bibi na wanawake wote, na bibi alipoliona jeshi lile la kijani alijifunika uso kwa leso, mabega yakawa yanamtikisika.

"Shangazi, umetia kiasi gani?"

"Mpaka kitoshe," bibi akajibu ndani ya leso.

Daktari Viluwiluwi akaletwa, watu wakamzunguka kwa hasira, yeye akaomba bilauri ya maji yale yale akainywa yote mbele yao. Haidhuru, akasema, na akatoa ulimi kuonyesha ni mzima, na ulimi ulikuwa kijani. Hapo hata imamu alishindwa kujizuia. Wakatawadha kwa maji ya bahari, wakasali pamoja pale pale mchangani, mitaa miwili safu moja, kwa kuwa hapakuwa na wakati wa kutenga safu. Bibi husema aliwasikia wengine wakihema kwa kicheko katikati ya swala, Mungu awasamehe.

Walipomaliza, bibi akasogea kwa kaka yake. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Aliniambia jambo lililobaki lilikuwa maisha yake mwenyewe, na lilikuwa kinywani mwa mtu mmoja.

"Kaka, maji ya kisima chako yametokea kwao."

"Nimeona."

"Uliapa."

"Mimi?" Chirau akatazama huku na huku. "Niliapa lini? Nani alinisikia?"

Bibi hakubishana. Alimgeukia Bi Nyimbo, na Bi Nyimbo, ambaye jana yake usiku alikuwa amesikiliza kazi yake yote, akageuka kwenda kuleta mashine. Ikaja juu ya rikwama, na betri yake. Watu wakakaa mchangani. Magurudumu yakazunguka, na kasida ikatoka.

Chirau hakuwahi kuisikia sauti yake mwenyewe. Alitoa macho, kisha akayafumba. Kichwa kikaanza kuyumba. Kila mara sauti ilipopanda juu, alinyoosha mkono kuwanyamazisha watu waliokuwa kimya. Kasida ilikwisha ana machozi kwenye ndevu zake za kijani.

"Hiyo ndiyo sauti yangu," akatangaza. "Mimi nakwambieni, mashine hii haisemi uongo!"

"Maashallah, kaka," mashine ikasema kwa sauti ya bibi.

Chirau akaganda. Mashine ikaendelea mpaka mwisho, mpaka Wallahi, mpaka kesho yake, mpaka umesikia, kwa ile ile sauti nzuri, kila neno limesimama wima. Na baada yake ikasikika kahawa inamiminwa.

Angeweza kuikana sauti ile, lakini hapo angeikana na kasida pia. Nadhani alilifikiri hilo. Kisha akamtazama dada yake, na nyuma ya leso akayaona macho yake, na Chirau hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyezoea kiu yake.

"Kesho baada ya alasiri," akasema. "Na pilau atapika mtu mwingine. Huyu nikimpa sufuria leo, tutageuka buluu."

Basi arusi ikawa ya haraka kuliko zote zilizowahi kufanyika Mwabungo. Kwa siku moja walipatikana mbuzi, mchele, watu wa kupika, na mkeka mpya wa bibi arusi. Mtaa wa pwani walileta maji, mtaa wa juu wakaleta maji, yote ya kijani, na wapishi wakalazimika kuagiza maji Ukunda. Walisugua mikono kwa limau, kwa mchanga, kwa majivu. Rangi ilikataa. Bibi aliwekwa chumbani, amepakwa liwa, ameinamisha kichwa kama bibi arusi anavyotakiwa, ila kila mara alinyanyua shingo akaita dirishani, "Tieni chumvi nyie!" na wanawake wakamrudisha chini.

Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya pazia. Bi Nyimbo alikuwa ameomba ruhusa kunasa, na safari hii Chirau mwenyewe ndiye aliyehakikisha magurudumu yanazunguka. Hotuba ikasomwa. Chirau akaketi mbele ya Matano, goti kwa goti, akanyoosha mkono wa kuume, Matano akaupokea, na hapo bibi akalifungua pazia kwa kidole, kidogo tu, aone.

Akaiona mikono ile imeshikana, wa mtaa wa juu na wa mtaa wa pwani, kijani juu ya kijani, hata hukuweza kusema kidole hiki ni cha nani.

Akacheka. Bibi arusi, ndani, siku ya ndoa yake, alicheka kwa sauti hata watoto wa barabarani wakasikia. Kaka yake alikuwa ameshasema, "Nimekuoza dada yangu Mwanasha binti Chome," na ilikuwa zamu ya Matano kujibu, lakini alikuwa amesikia kile kicheko na midomo yake haikuweza kukaa sawa. Akajaribu, akashindwa. Imamu akamwambia avute pumzi. Bi Nyimbo aliondoka na kanda zake za sauti baadaye, zikaenda kwao, na mpaka leo mahali fulani katika kabati la watu wanaotafiti nyimbo kuna sauti ya mwanamke anacheka nyuma ya pazia, na wanaume wanakohoa, na Chirau anasema kwa ukali, "Haya jibu, bwana, kabla sijabadili nia!"

"Nimekubali," akasema babu yangu.